Bangili ya Mshika Ishara

Mtu aliyelelewa karibu na reli hatambuliwi kwa sura tu. Hutambuliwa kwa namna aivukavyo njia. Wageni wa makumbusho yale ya treni, waje na watoto wao au waje na wachumba wao, wote huikanyaga reli kana kwamba ni kizingiti cha mlango. Ndiyo maana mzee aliyeitwa Breki, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya injini kuukuu akiisugua shaba yake kwa kitambaa chenye mafuta, aliinua kichwa ghafla asubuhi ile ya Jumamosi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama ukingoni mwa njia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, ingawa alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba njia ile haikuwa na treni itokayo mbali wala iendayo mbali. Kisha akaukunja kidogo upindo wa gauni lake, akainua mguu, akaivuka reli pasipo kuigusa.

Kitambaa kilimdondoka Breki mkononi.

"Kijani," alisema, lakini kwa sauti ambayo hata injini haikuisikia.

Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Madereva wa njia nzima ndio waliompa, zamani hizo, kwa sababu ya kitambaa cha rangi ya kijani alichojifunga kichwani kila aliposimama dirishani mwa kibanda cha ishara cha baba yake. Walisema kwamba dereva akimwona yeye husahau kuitazama ishara yenyewe. Naye Breki alipewa jina lake kwa sababu alijua kuisimamisha treni taratibu hata maji yasimwagike gilasini. Sasa nywele zilizochungulia chini ya kile kitambaa zilikuwa nyeupe kama pamba. Kitambaa kilikuwa cha kijani vilevile.

"Mzee Breki!" Mshonaji aliita kutoka mlango wa bohari. "Umepata wageni. Jifute uso kwanza, maana unang'aa kuliko hiyo shaba."

Makumbusho yale hayakuwa na mwajiriwa hata mmoja. Kila aliyeyatumikia alikuwa na riziki yake kwingine, au alikuwa amestaafu, na Jumamosi alikuja kwa mapenzi tu. Mshonaji alishona nguo za watu wiki nzima, kisha akaja kushona viti vya mabehewa na kuwapokea wageni. Kinyozi alinyoa vichwa tangu Jumatatu, na siku ya Jumamosi alivaa ovaroli akalisha moto tanuri la injini. Breki peke yake ndiye aliyekuwa dereva wa kweli, na ndiye aliyewafunza wengine.

Kijani hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja binti yake, mwalimu wa hisabati, mjamzito wa kutosha kuonekana, aliyekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka.

"Shikamoo, mzee," alisema binti.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Hujambo, Breki?" alisema mama yake.

"Sijambo, Kijani. U hali gani?"

"Nimezeeka. Si unaniona?"

"Hujazeeka."

"Haya, umeanza uongo kabla hata hatujaketi."

Walicheka, na kicheko kikawaishia haraka, kama maji yaliyomwagwa mchangani. Breki alijua kwamba alipaswa kumnyooshea mkono. Aliutazama mkono wake, akauona mweusi kwa mafuta, akaurudisha nyuma.

Binti aliifungua shuka. Ndani yake mlikuwa na beleshi la kutilia makaa, mpini wake umelika mahali pa vidole, ncha yake ya chuma imepinda upande mmoja. Breki hakuhitaji kuambiwa ni la nani. Alikuwa amelitazama likiingia na kutoka tanurini katika ujana wake wote.

"Beleshi la Makaa," alisema.

"La baba yangu, ndiyo," alisema binti kwa fahari. "Alifariki mwaka jana, baada ya kuugua muda mrefu. Mama akasema lisikae stoo likaota kutu. Akasema liletwe hapa."

Breki hakuwa amepata habari ile. Tangu alipoomba kuhamishiwa njia ya mbali, hakuwa amepata habari yoyote ya nyumba ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyeziba masikio asizipate. "Poleni," alisema hatimaye. "Poleni sana. Alikuwa mtia makaa hodari kuliko wote niliofanya nao kazi. Nami sisemi hivi kwa sababu amekufa."

"Semeni tu ukweli," Kinyozi alidakia akiwa juu ya injini. "Mimi nipo hapa, na ninasikia."

"Wewe unatia makaa kama unampaka mtu poda," Breki alimjibu, na wote wakacheka tena. Kisha akamgeukia binti. "Baba yako alikuwa akikaanga mayai juu ya beleshi hili hili, mlangoni mwa tanuri."

"Kabla ya kutia makaa au baada?"

"Kabla, baada, na katikati. Mwanangu, mimi nimekula mayai yenye makaa mengi kuliko yenye chumvi."

Binti alicheka hadi akalishika tumbo lake. Breki akaona kwamba alicheka kama Makaa, kichwa nyuma na macho yamefumbwa, na moyo wake ukalainika kwa yule rafiki wa zamani aliyempenda na kumwonea wivu kwa wakati mmoja. Maana hakuwa amemlaumu. Katika miaka yote ile alimwona Makaa kuwa mtu aliyepata tu kile ambacho yeye alinyimwa.

"Basi mzee, wewe ulikuwapo siku aliyoposa," alisema binti. "Ulikuwa dereva wake siku hiyo. Si kweli?"

"Siku ipi?"

"Aa, mzee! Siku ya kibandani! Baba hakuacha kuisimulia tulipopata wageni." Alilishika beleshi kama fimbo, akasimama kama Makaa. "Treni imesimamishwa chini ya kibanda cha babu. Honi imepigwa, ishara bado nyekundu. Basi baba anapanda ngazi, masizi mpaka puani. Babu hata hakumwitikia salamu. Akamwuliza, 'Umetumwa na nani?' Na baba akajibu, 'Sikutumwa na mtu, mzee. Nimejituma mwenyewe. Nimekuja kumwomba binti yako.' Na Mama yuko pale pale, anasugua nyenzo za kuvutia ishara! Si ndivyo, Mama?"

"Ndivyo alivyosimulia," alisema Kijani.

"Mwanamume ni huyo!" Mshonaji alipiga kofi. "Siku hizi wanaposa kwa simu. Enhe, na wewe Mzee Breki, mwenzako anaposa, wewe huko chini ulikuwa ukifanya nini?"

Breki aliigeukia injini.

"Nilikuwa nikiifuta geji ya mvuke," alisema.

Kisha akawaambia kwamba amesahau ufunguo wa behewa, akaondoka upesi, na ufunguo ukilia mfukoni mwake.

Katika kazi ya reli palikuwa na kanuni moja ambayo kila dereva aliihifadhi. Treni ikisimamishwa na ishara nyekundu, dereva hupiga honi. Njia isipofunguliwa, dereva haiachi injini yake. Humtuma mtia makaa apande kibandani akamkumbushe mshika ishara kwamba treni ipo na bado imesimama. Naye mshika ishara akishakumbushwa, huichukua bangili ya chuma iliyotundikwa msumarini, akauvisha wenzo wa ishara ile, mkono wake usije ukasahau kilichosikiwa na sikio. Na bangili hiyo haivuliwi na mtu mwingine ila yule yule aliyeivisha.

Breki alikuwa amemposa Kijani kabla ya siku ile, kwa heshima zote. Baba yake, mzee wa maneno machache, alikuwa amemjibu, "Dada yake bado yupo nyumbani. Mdogo hamtangulii mkubwa. Ngoja." Naye akangoja, kwa kuwa kungoja ndiko alikokujua kuliko kitu kingine chochote. Dada mkubwa alipoolewa, Breki hakujua aanzie wapi tena, mpaka siku ile treni yake iliposimamishwa chini ya dirisha lenyewe. Ndipo alipomwambia Makaa, "Panda. Mwambie mzee kwamba bado nimesimama. Ataelewa." Makaa alipanda. Aliposhuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema tu, "Amekataa, ndugu yangu." Ishara ikafunguka, nao wakaondoka. Muda si muda Breki akasikia harusi ya Makaa, akaamini kwamba mzee alimchagua kijana mchangamfu akamwacha yule mzito wa ulimi. Ilikuwa haki ya mzee. Akaomba uhamisho. Baadaye alioa, na mkewe alikuwa mtu mwema aliyestahili kupewa moyo mzima. Naye akampa ule uliobaki, hadi alipomzika.

Sasa, kwa kicheko cha mtoto asiyejua alisemalo, alikuwa amejua. Maneno yake hayakufika. Yaliishia ngazini, katika kinywa cha mtu aliyempa mayai.

Alikuwa ameketi ndani ya behewa la daraja la kwanza, kwenye kiti kilichoshonwa upya na Mshonaji, aliposikia hatua. Kijani aliingia, akauvuta mlango nyuma yake. Nje palisikika nyundo: binti na Mshonaji walikuwa wakipigilia msumari wa kulitundikia beleshi.

"Kile kibanda cha nje," alisema Kijani bila kuketi, "nimekitambua tangu getini. Ni cha Baba."

"Ndicho. Walipotaka kukibomoa nikawaomba. Tulikifumua ubao kwa ubao, tukakileta hapa, tukakisimamisha."

"Na bangili yake?"

"Ipo. Kwenye msumari wake ule ule."

Alitikisa kichwa polepole, akaketi mbele yake. Magoti yao yalikaribiana kama ya abiria wasiojuana.

"Breki, nikuulize neno. Sisi sasa ni wazee, hakuna wa kumwonea haya. Siku ile ya kuposwa kwangu, unajua kwa nini mlisimamishwa?"

"Palikuwa na treni mbele."

"Hapakuwa na treni mbele. Njia ilikuwa nyeupe tangu asubuhi."

Breki alimtazama.

"Baba alikusimamisha makusudi," alisema Kijani. "Unamjua alivyokuwa. Hakuweza kumwita kijana wa watu amwambie, 'Haya, sasa njoo umchukue.' Angekufa kwanza. Ila alijua kanuni, na alijua kwamba wewe unaijua kuliko wote. Akaniambia, 'Nitamsimamisha hapa. Kama bado anakutaka, atatuma mtu.' Bangili alikuwa ameishika mkononi, Breki. Nilimwona kwa macho yangu."

Nje nyundo ilinyamaza, ikaanza tena.

"Mlango ukafunguka, nikamwona Makaa, nikafurahi! Nikajua ametumwa. Baba naye alijua. Ndiyo maana alimwuliza vile. Na jibu umelisikia." Akashusha pumzi. "Nilikimbilia dirishani. Nikasema moyoni, hata kama hakutuma mtu, akiinua macho tu akanitazama, nitamwomba Baba angoje. Wewe ulikuwa umetupa mgongo, unafuta geji. Ungeinua macho tu, Breki! Basi nikaona, kumbe huyu hata kunitazama hataki. Nikageuka, nikamwambia Baba, 'Nimekubali.' Kwa hasira. Watu huolewa kwa mapenzi, au kwa kulazimishwa. Mimi niliolewa kwa hasira ya dirishani."

Breki alikumbuka ile geji. Aliifuta hadi kioo chake kikawa kama maji, kwa sababu alikuwa ameupandisha moyo wake ngazi zile kwa miguu ya mtu mwingine, na hakuwa na nguvu za kutazama unavyopokewa.

"Kwa nini hukutuma mtu?" aliuliza Kijani.

Ukweli ulikuwa ulimini mwake. Maneno machache tu, na miaka yote ile ingepata mwenyewe wa kuibeba. Lakini nje, binti alikuwa akicheka tena kwa kile kicheko cha baba yake, akimwambia Mshonaji alisogeze beleshi juu kidogo, watoto wasije wakalifikia. Marehemu hana wakili. Na huyu mwanamke alikuwa amelala kitanda kimoja na marehemu, akamzalia, akamwuguza, akamzika. Amnyang'anye mume kaburini ili ampe nini?

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Kukataliwa mara ya pili."

"Basi? Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Kijani alimkazia macho kwa muda mrefu, kama dereva aitazamavyo taa katika ukungu asiwe na hakika ya rangi yake. Kisha akainuka.

"Asante kwa kunijibu," alisema. "Jumatatu tunasafiri. Mwanangu amepata shule ya mbali, na mumewe ameshatangulia. Nyumba tumeikabidhi. Nilitaka tu nipite hapa kwanza."

Adhuhuri, wageni walipokwisha kupanda mabehewa kwa ile safari fupi ya kwenda machimbo ya zamani na kurudi, ilibainika kwamba mstaafu mmoja mwenye zamu ya kibandani alikuwa amelala kwake akiuguza kiuno.

"Nani atashika ishara?" Mshonaji alilalamika. "Mimi zile nyenzo zinanishinda. Najua bendera tu."

"Nitashika mimi," alisema Kijani.

"Mama! Na hayo magoti?" binti alishtuka.

"Magoti ni yangu, na kibanda ni cha baba yangu."

Mshonaji, ambaye macho yake hayakuzoea sindano peke yake, alimtazama Kijani akienda, akamtazama Breki akimtazama, akatabasamu. "Mwalimu, mimi nasema kweli tupu. Mama yako mjane, mzee wetu mgane. Ni kama reli hizi mbili, zinakwenda pamoja."

"Reli mbili hazikutani, dada yangu," alisema binti bila kutabasamu. "Zikikutana ni ajali. Mama ameshaolewa, na aliyemwoa alimtosha. Watu watasemaje?"

Breki aliyasikia. Alipanda injini yake kimya, akafungua mvuke.

Treni ilisogea kwa mwendo wa mtu mzee, ikakaribia kibanda. Mkono wa ishara ulikuwa umelala. Nyekundu.

"Mzee, imefungwa," alisema Kinyozi. "Yule mama labda amesahau ni wenzo upi."

"Hakusahau," alisema Breki, akaisimamisha treni, na maji hayakumwagika gilasini.

Akapiga honi. Hapakutokea kitu. Akatazama juu, safari hii aliinua macho. Dirishani hapakuwa na mtu.

"Haya, kanuni," alisema Kinyozi akijipangusa mikono kwa furaha, kwani hakuwa amewahi kuitumia. "Mtia makaa anapanda kukumbusha. Nishuke?"

"Kaa. Nimefunga breki zote. Wewe angalia maji na moto, na usiguse kitu kingine."

"Unakwenda wapi? Dereva haachi injini! Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha vizuri. Leo nakwenda mwenyewe."

Abiria walitoa vichwa madirishani. Binti, ambaye hakupanda treni kwa sababu ya hali yake, alikuwa amesimama chini ya ngazi za kibanda.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Lipo, mwanangu. Ni la zamani."

Alipanda akishika ukuta. Ngazi zile alizipigilia misumari mwenyewe, akazipaka rangi mwenyewe. Aliusukuma mlango.

Kijani alikuwa amempa mgongo. Kichwa chake kilikuwa wazi. Kile kitambaa cha kijani alikuwa amekizungusha kwenye mpini wa wenzo, maana baba yake alimfunza kwamba jasho la kiganja huleta kutu juu ya chuma.

"Umetumwa na nani?" aliuliza bila kugeuka.

Breki aliufunga mlango nyuma yake.

"Sikutumwa. Nimekuja mwenyewe. Bado nimesimama, Kijani."

Mabega ya Kijani yalishuka. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa.

"Hayo ndiyo maneno yenyewe," alisema. "Ndiyo uliyompa."

"Nani amekuambia?"

"Makaa. Mwezi wake wa mwisho. Alinishika mkono akasema kwamba alipanda hapa na maneno yako mdomoni, akanikuta nasugua nyenzo, ulimi ukamgeuka. Alisema hakukusudia. Akalia, Breki, mtu mzima yule. Kisha akasema, 'Mpelekee beleshi langu. Hatalitaka, lakini mpelekee.'"

"Kwa hiyo kule behewani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kuona utamfanya nini marehemu." Alijifuta jicho kwa kifundo cha mkono. "Nisimsingizie. Alikuwa mume mwema, tena alinichekesha mpaka siku zake za mwisho. Watoto wangu wanamwapia. Ungemtaja, ilikuwa haki yako. Nami ningeondoka hapa mwepesi, nikisema, aa, sikukosa kitu, ni mtu kama watu wengine. Lakini umemfunika. Umejibebesha woga usiokuwa wako, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto wake." Akatabasamu kwa uchungu. "Sasa nimejua nilichokikosa. Nitakaa nacho vipi huko niendako?"

"Usiende."

"Umechelewa."

"Najua. Usiende."

"Mama!" sauti ya binti ilipanda kutoka chini. "Mnafanya nini huko? Watu wanangoja!"

"Dereva amekuja kukumbusha!" Kijani alimjibu kwa sauti ya kazi, ile ile ya baba yake. Kisha akaishusha. "Unamsikia? Ni mimba yake ya kwanza, na anaogopa, ingawa hasemi. Nimemwahidi. Mimi nami niliwahi kungoja mtu dirishani, Breki. Siwezi kumfanya yeye angoje."

Breki angemjibu nini, naye aliyasikia katika sauti ile maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema? Alinyoosha mkono, mweusi kama ulivyokuwa. Kijani hakuuogopa uchafu wake. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaubana.

"Shuka," alisema hatimaye. "Una abiria. Njia ni nyeupe."

Akageuka, akaushika wenzo juu ya kile kitambaa, akauvuta kwa uzito wa mwili wake wote. Nje, mkono wa ishara ukainuka.

Breki aliiendesha treni hadi machimboni na kurudi. Kinyozi alimwambia baadaye kwamba hakuwa amepata kumwona akiendesha vizuri vile, na wala hakuwa amepata kumwona akilia. Walipoikaribia stesheni, ishara ilikuwa imefungwa kama ipasavyo, na Mshonaji alikuwa kando ya njia akipunga bendera kuwaita waingie. Gari dogo lililokuwa limeegeshwa getini halikuwapo.

Abiria waliposhuka, Breki alipanda tena kibandani. Mshonaji alikuwa hapo, bendera kwapani.

"Wameondoka, mzee. Mwalimu alikuwa na haraka. Mama wa watu hakusema neno. Alifuta nyenzo zote, akajifunga kitambaa chake, akashuka. Lakini njoo uone, jamani, uzee huu! Ameisahau hii."

Alimwonyesha. Wenzo wa ishara ile ile ulikuwa umerudishwa mahali pake, unang'aa, bila alama hata moja ya kidole. Shingoni mwake ulikuwa umevishwa bangili ya chuma. Msumari ulikuwa mtupu.

"Nilitaka kuuvuta mkija, bangili ikanizuia, ndiyo maana nikachukua bendera," alisema Mshonaji. "Na hakuna treni iliyosimama huko nje. Niivue?"

"Iache."

"Lakini ameisahauje, na yeye ni mtoto wa kazi hii?"

"Binti wa mshika ishara hasahau bangili."

Mshonaji alimtazama, akautazama wenzo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akauliza kwa sauti ya chini, "Na Jumamosi ijayo treni itapitaje?"

"Tutaipitisha kwa bendera."

"Na ile nyingine?"

"Kwa bendera."

"Mpaka lini, mzee?"

Breki alikwenda dirishani, akasimama pale alipozoea Kijani kusimama. Vumbi la getini lilikuwa limekwisha kutua.

"Aliyeivisha ndiye aivuaye," alisema.